Postikadi za bandari ya Monet: karatasi safi, jua la uongo

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya bidhaa hii ninayoweza kuisifu bila kukunja uso. Ni nzito, haing'ai, inapokea wino wa kalamu bila kuutawanya, na pakiti nzima ilinifikia bila kadi hata moja kukunjika pembe. Lau ningekuwa nimenunua kadi tupu za kuandikia salamu, ningempa muuzaji nyota zote tano na kumwombea dua. Bahati mbaya, upande wa pili wamechapa picha.

Picha yenyewe ni Impression, soleil levant (yaani "Taswira, jua linachomoza"), ile bandari ya Le Havre, Ufaransa, ambayo Claude Monet aliichora mwaka 1872 akiitazama kutoka dirishani, na ambayo miaka miwili baadaye, katika maonyesho ya Paris, ilimpa mhakiki Louis Leroy kisingizio cha kuwadhihaki wachoraji wa kundi zima kwa jina la "impressionnistes", wanalojulikana nalo hadi leo. Anayeitazama kwa haraka huona ukungu, mashua chache, milingoti na kreni upande wa nyuma, na duara dogo la rangi ya chungwa. Kila kitu katika picha hiyo kinalitegemea duara hilo, na ajabu yake ni kwamba Monet hakulipa mwanga kuyazidi mawingu yanayolizunguka. Rangi yake ni kali, lakini kwa kipimo cha mwanga peke yake jua linakaribia kulingana kabisa na kijivu cha anga. Mwanasayansi wa ubongo Margaret Livingstone, wa Chuo Kikuu cha Harvard, amelieleza jambo hili vizuri: sehemu ya ubongo inayotambua rangi huliona jua waziwazi, ilhali ile inayoshughulika na mwendo wa vitu na mahali vilipo haijali rangi, na kwa hiyo karibu haioni chochote pale, ndiyo maana jua lile huonekana kana kwamba linatetemeka ndani ya ukungu. Nilisimama mbele ya turubai lenyewe katika jumba la makumbusho la Marmottan Monet, Paris, wakati fulani mwaka jana, na kwa hakika linatetemeka.

Jua la kwenye postikadi hizi halitetemeki. Limekaa pale kama kiini cha yai la kukaanga. Aliyetayarisha faili la kuchapa, nadhani kwa nia njema, aliiona picha imefifia, akaongeza mwanga hapa na kukoleza kiza pale, hadi jua likawa njano iliyoiva na ukungu ukawa moshi wa kiwandani, na ile mistari mifupi ya brashi inayoonyesha mwanga ukivunjika majini ikaungana kuwa utepe mmoja. Asiyeniamini aipige kadi picha kwa simu, kisha aiondolee rangi. Ukiifanyia hivyo picha nzuri ya turubai, jua hukaribia kutoweka kabisa ndani ya anga. Kwenye kadi hii linabaki linawaka, jeupe pe. Natambua kwamba rangi ya chungwa kali si kazi nyepesi kwa mpiga chapa, kwa sababu mashine za kawaida hujenga kila rangi kwa vitone vya wino wa aina nne, na rangi ya mafuta aliyoitumia mchoraji haifikiwi kwa urahisi kwa njia hiyo. Kama wangepoteza ukali kidogo ningewasamehe. Hawa hawakupoteza, wameongeza.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikaambatanisha picha hizo mbili zisizo na rangi. Jibu lilikuja haraka, na ndilo lililonisukuma kuandika haya: rangi, niliambiwa, huweza kutofautiana kulingana na skrini ya mteja. Skrini ipi? Kadi nimeishika mkononi, nimekaa karibu na dirisha, mchana kweupe. Nilipouliza hivyo, mhudumu, ambaye hakunisalimu wala kutaja jina lake hata mara moja, alinijibu kwa sentensi moja kwamba kama nataka picha halisi niende makumbusho.

Hadi hapo nilikusudia kutoa nyota tatu. Baada ya sentensi ile zikawa mbili, na nilipoigeuza kadi tena nikiwa nimekasirika nikagundua kwamba imekatwa pia. Turubai lina kimo cha sentimita 48 kwa upana wa 63. Kadi ni 10 kwa 15, umbo lililorefuka zaidi, kwa hiyo anayetaka kuijaza bila kuacha ukingo mweupe hana budi kumega karibu sehemu moja ya nane ya kimo cha picha. Wao wamemega chini, na sahihi ya Monet pamoja na ile 72 yake ya mwaka, iliyokuwa kona ya kushoto, imekwenda na maji. Picha hii iliwahi kuporwa mwaka 1985 na watu wenye silaha waliolivamia jumba lile mchana, ikaja kupatikana kisiwani Corsica mwaka 1990. Hata mikononi mwa wezi ilibaki na jua lake na sahihi yake. Nyota moja, tena kwa shingo upande.

Lakini haki nayo isemwe. Kadi mojawapo nilimtumia baba mkubwa aliyeko Mombasa, ambaye aliendesha kreni Kilindini hadi alipostaafu, naye amefurahi kupita kiasi. Alinipigia kuniuliza kama kreni zile za nyuma ziliendeshwa kwa mvuke au kwa mikono, akaisifu milingoti, akasema hata yeye amewahi kuingia zamu katika asubuhi ya namna ile. Kuhusu jua hakusema neno, na nilipomdokeza kwamba limeharibiwa alishangaa: "Mwanangu, mbona linang'aa vizuri tu?" Nilimwitikia, ndiyo, baba. Jibu lake linanikera hadi sasa, maana linaonyesha kwamba kadi hii inaweza kumfurahisha mtu asiyejua alichonyimwa, na mtu huyo ndiye hasa aliyestahili kupewa picha ya kweli. Le Havre yenyewe ilibomolewa kwa mabomu mwaka 1944. Bandari aliyoichora Monet haiwezi tena kuchunguliwa kutoka dirisha lolote.

Basi ziwe nyota mbili, na ile iliyorudishwa ni ya baba mkubwa, si ya muuzaji. Kadi zilizobaki nitazitumia, kwa sababu zimelipiwa. Anayefikiria kununua amtake kwanza muuzaji ampigie picha kadi yenyewe ikiwa juu ya meza, mchana, pembe zake zote nne zikionekana, asiridhike na faili maridadi lililowekwa kwenye tangazo. Mimi waliponiahidi punguzo la bei kwa seti nyingine niliomba jambo hilohilo kabla ya kulipa, na mpaka ninapoandika sijajibiwa.