Kambare au mbofu? Tazama mgongo kabla ya kulipa

Mwaka jana nililipia mbofu, nikapika kambare. Samaki alikuwa ameshakatwa vipande, kichwa hakipo, na muuzaji aliniapia. Nilipomwosha nyumbani ndipo nikaona pezi la mgongoni. Tangu siku hiyo samaki wa sharubu namnunua akiwa mzima, anakatwa mbele ya macho yangu.

Wengi tunakosea kwa kutazama sharubu. Wote wanazo, na wote hawana magamba. Kinachowatenga ni mgongo na mkia. Kambare ana pezi moja refu na laini, linaanzia nyuma ya kichwa na kwenda mpaka karibu na mkia, na mkia wake ni wa mviringo. Mbofu ana pezi fupi lililosimama, lenye mwiba kwa mbele, halafu linafuata jingine refu la nyama tupu, lisilo na vijiti ndani. Mkia wake umepasuka katikati kama mkasi. Hata ukikuta vipande tu, omba uonyeshwe kile cha mkiani. Muuzaji mkweli hatakunyima.

Kwa mchuzi, wa kwanza kwangu ni mbofu. Nyama yake imeshikana, haivurugiki kwenye nazi, na haina harufu ya tope. Wajaluo humwita seu, Waganda semutundu. Wa Rufiji na Kilombero wana ndugu yake, kitoga, na kipimo cha mgongo ni kilekile. Katika Ziwa Victoria mbofu amepungua sana baada ya sangara, aliyeingizwa miaka ya 1950, kuzagaa ziwani, kwa hiyo usishangae akiwa ghali. Mbofu hana namna ya kuvuta hewa nje ya maji, hufa mapema, kwa hiyo sokoni utamkuta amekufa. Funua mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia. Kama hakulazwa kwenye barafu na jua limeshapanda, mwache.

Wa pili ni kambare wa ziwani au mtoni, mumi kwa Wajaluo, akiwa hai. Juu ya mashavu ana kiungo chenye matawi kinachomwezesha kuvuta hewa, ndiyo maana hukaa saa nyingi kwenye beseni akiwa na unyevu tu. Kwa hiyo kambare aliyelala mezani bila kutikisika ni wa kuulizia: amekufa lini? Kumbuka pia kuwa kichwa chake cha mfupa hufika robo hadi theluthi ya urefu wa mwili. Ukinunua kwa kilo, umelipia na kichwa, basi chukua ukafanyie supu. Utelezi utoe kwa chumvi au majivu, kisha ndimu.

Kambare wa bwawa la kufugwa nampa nafasi ya tatu, ingawa ni samaki yuleyule. Shida yake ni ladha ya tope, inayotokana na maji aliyokaa. Muulize mfugaji kama alimweka kwenye maji safi bila chakula siku mbili tatu kabla ya kumuuza. Akijibu ndiyo, na maji ukayaona, huyo anaweza kumpita hata wa mtoni.

Ukiwa Kigoma au Bujumbura unaweza kukutana na mwingine mkubwa mwenye kichwa kama cha kambare, ila pezi la mgongoni linaishia katikati na nyuma yake lipo la nyama. Huyo ni Heterobranchus. Mnunue kama kambare, usimlipie bei ya mbofu.

Wa mwisho ni gogogo. Ni mdogo, sharubu zake za chini zina vitawi, na miiba yake mitatu hukakamaa ikakuchoma vibaya. Kwa kukaanga anafaa. Kwa kulisha familia kubwa, mifupa ni mingi kuliko nyama.

Kwa waliokaushwa kwa moshi, jihadhari na kamongo anayeuzwa kama kambare. Kamongo hana sharubu, mwili wake unachongoka mkiani, na ukikwaruza ngozi utaona magamba madogo. Na kama unawapikia Wasabato, waulize kwanza: wengi wao hawali samaki asiye na magamba, na hapo kambare, mbofu, kitoga na gogogo wote hawafai. Nunua sato.