Calais 2000 au Les Herbiers 2018?

Timu zote mbili za madaraja ya chini zilifika fainali ya Kombe la Ufaransa, zikafungwa. Kwangu Calais wako juu. Walitoka daraja la nne, wakaitoa Bordeaux 3-1 nusu fainali, wakatangulia kuifunga Nantes. Penalti ya dakika za mwisho ikawamaliza, 2-1. Nahodha wa Nantes, Landreau, akamwita mwenzake wa Calais wanyanyue kombe pamoja. Bado picha ile hunigusa!

Les Herbiers, daraja la tatu, walilala 2-0 kwa PSG tarehe 8 Mei. Siku tatu baadaye Béziers ikawapiga 4-1 kwenye ligi, wakashuka daraja. Hilo liliniuma kuliko fainali yenyewe.