Nimeunda Kidhibiti cha Tangi la Samaki kwa Raspberry Pi, na Rilei Imenitoa Jasho

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo msinitazame mimi, tazameni hapa nyuma yangu. Mnaona kile kiboksi cha plastiki pembeni ya tangi, chenye kataa ka kijani kanakowakawaka? Huyo ndiye mlinzi wa samaki wangu kwa wiki tatu sasa. Anapima joto la maji, anawasha hita na kuizima, anaweka taa asubuhi na kuitoa usiku, na jambo likiharibika ananitumia ujumbe kwenye simu. Nimemuunda mwenyewe kwa mkono. Na niseme mapema kabla hamjahamia video nyingine: humo ndani kuna kitu kimoja nakipenda kupita kiasi, na kingine nusura nikirushe dirishani.

Kompyuta yenyewe ni Raspberry Pi Zero 2 W, ile ndogo iliyotoka 2021. Mambo ya prosesa na memori naruka, mnayajua, na kwa kazi hii hayana uzito. Kusoma joto la maji mara moja kwa dakika hakuhitaji mtambo. Tunachokitaka sisi ni hizi pini 40, na kwenye toleo hili zinakuja kama matundu tu, pini unachomea mwenyewe kwa risasi. Angalizo moja: pini zake zinavumilia volti 3.3. Ukiiingizia volti 5 kwenye pini ya kusomea, umeizika. Nilishazika moja. Tusiongee habari hiyo.

Programu nilianza na reef-pi. Ni ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya matangi, na unaifungua kwenye simu kama tovuti ya kawaida. Nzuri sana. Ila leo natumia kijiprogramu changu nilichoandika kwa lugha ya Python, kwa sababu nataka muone kila hatua bila pazia.

Haya, kipenzi changu. Hii hapa, DS18B20. Senso ya joto iliyofungwa ndani ya kibomba cha chuma, ina nyaya tatu: nyekundu ya umeme, nyeusi ya ardhi, na hii ya njano ya data. Unaongeza rezista moja ya kilo-ohm 4.7 kati ya nyekundu na njano, waya wa data unaupeleka GPIO4, yaani pini namba 4 kati ya zile za kupokea na kutoa amri, basi. Kila senso imezaliwa na namba yake ya peke yake, kwa hiyo unaweza kuziunganisha tano kwenye waya huohuo mmoja na zisigombane. Kitu hiki kimebuniwa na mtu mwenye akili.

Angalieni skrini. Nafungua faili lake, linaniletea mistari miwili. Wa kwanza unaishia na YES, maana yake data imefika salama. Wa pili unaishia na t=25312. Hiyo ni nyuzi 25.312, gawanya kwa elfu. Nikishika kile kichwa cha chuma kwa vidole... subiri kidogo, inachukua sekunde chache... 27... 28 na ushee. Inapendeza, siyo?

Sasa nawaonyesha inavyoongopa. Nalegeza huu waya mwekundu, kidogo tu, kama vile mtu ameuvuta wakati anafuta kioo. Nasoma tena. t=85000. Nyuzi 85! Na angalieni mstari wa juu: bado inasema YES. Yaani data imefika salama kabisa, ila ni uongo uliofika salama. Hiyo 85 ndiyo namba ambayo senso inaamka nayo kabla haijapima chochote. Wiki ya kwanza simu ilinipigia kelele saa tisa usiku: maji nyuzi 85. Nilishuka kitandani nikijua naenda kukuta supu. Nakuta samaki wananitazama tu, wanashangaa huyu naye anatafuta nini saa hizi.

Hiyo 85 ni uongo wa kijinga, unautambua mara moja. Uongo mbaya ni huu. Natoa senso majini, naiacha ining'inie hewani. 24.875... 24.187... 23.437. Inashuka zaidi kwa sababu imelowa na maji yanayokauka yanaipoza. Programu inaona nini? Inaona maji yamepoa. Inawasha hita. Hewa haitapata joto la hita iliyoko majini, kwa hiyo hita haitazimwa, itawaka, itawaka, mpaka samaki waive. Na hili halihitaji uzembe mkubwa. Unabadilisha maji, kiwango kinashuka, senso inabaki juu kavu, wewe umeenda kujaza ndoo. Ndiyo maana yangu nimeibandika chini kabisa, na kwenye programu nimeandika hivi: joto likiruka zaidi ya nyuzi mbili ndani ya dakika moja, au likija 85, au faili lisifunguke, zima hita halafu niite. Maji ya tangi hayana haraka hivyo. Yakibadilika ghafla, ujue aliyebadilika ni senso.

Kabla sijaenda mbali: mlioniuliza kuhusu maikrofoni, ndiyo, nimebadilisha, ile ya zamani ilikuwa inasikika kama naongea ndani ya pipa. Na video za chaneli kuanzia sasa zitatoka Jumamosi, siyo Jumatano. Bonyeza kile kitufe, unakijua, tuendelee.

Sasa rilei. Hapa ndipo nilipotolewa jasho.

Hii ni bodi ya rilei mbili. Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku ya umeme: kompyuta inatoa amri ndogo, sumaku inavuta, swichi inageuka, unasikia tak. Kila rilei ina skrubu tatu. Ya katikati COM. Upande huu NO, upande ule NC. Ukifunga kwenye NO, kifaa kimezimwa mpaka rilei ivute. Ukifunga kwenye NC, kifaa kinawaka mpaka rilei ivute. Michoro mingi niliyokutana nayo inafunga kila kitu kwenye NO na mtu anaondoka. Sasa angalieni.

Nimeweka taa mbili za volti 12 zenye adapta yake, kwa sababu sichezi na umeme wa ukutani mbele ya kamera. Nyekundu ndiyo hita, ya buluu ndiyo pampu ya chujio. Zote ziko kwenye NO. Programu inatembea, zote zinawaka. Safi. Sasa nachomoa Raspberry Pi. Yaani imekufa: memori kadi imeharibika, adapta imeungua, chagua mwenyewe. Moja, mbili... tak. Giza.

Hita kuzimika, sawa. Tangi la maji mengi halipoi kwa dakika tano, linachukua saa nyingi, utakuwa umesharudi. Lakini pampu? Pampu ikisimama, maji ya juu hayatikisiki, hewa haiingii. Na mle kwenye chujio kuna bakteria wanaoishi kwa oksijeni, wale wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti. Maji yakisimama wanaanza kukosa pumzi na wao. Kwa hiyo kompyuta imekufa kwa sababu zake, na imeondoka na pampu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Nachukua bisibisi. Pampu naitoa NO, naipeleka NC. Samahani kwa mkono kuziba kamera. Haya. Na kwenye programu nageuza amri: sasa rilei ikivuta, pampu inazima, na naitaka izime dakika kumi tu wakati wa kulisha ili chakula kisimezwe na chujio. Nawasha tena, subirini iamke... zote zinawaka. Nachomoa. Tak. Nyekundu imezima. Ya buluu hiyo hapo, inawaka kama kawaida. Hita imelala, pampu iko kazini, na hakuna kompyuta. Hiki nilikitazama mara nne mfululizo siku ya kwanza, mke wangu akadhani nimepata tatizo.

Lakini haijaisha. Nairudishia umeme, nyamazeni msikilize. Tik. Tik-tik. Mmesikia? Na angalieni taa nyekundu. Hita inawaka! Programu haijaamka bado, Raspberry Pi bado inajikuna macho, nani ameamuru hita iwake? Hakuna. Bodi yangu ni ya aina ambayo rilei inavuta pale pini ikiwa chini, yaani karibu na volti sifuri, na ni nyepesi kushtuka. Nami nilitumia GPIO17 na 27. Sasa kaeni na hili: wakati wa kuamka, pini za GPIO 0 mpaka 8 zinavutwa juu, na kuanzia 9 mpaka 27 zinavutwa chini. Mimi nilichagua zile zinazoanguka chini. Jioni mbili nzima nilizipoteza nikilaumu programu, nikilaumu adapta, nikataka kuirusha bodi dirishani, kumbe kosa lilikuwa kwenye kuchagua tundu.

Nahamishia nyaya GPIO5 na 6. Nabadilisha namba mbili kwenye programu. Nawasha. Kimya... kimya... sekunde ishirini na kitu... na hapo sasa, tak moja, programu imeamka na imeamua yenyewe. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naitaka.

Mtu ataniuliza, kwa nini usitumie plagi za waifai ukaachana na skrubu? Nimejaribu. Tabu yake ni kwamba mtandao ukikatika plagi inabaki ilipoachwa. Ikiachwa imewasha hita, inaendelea kuwasha. Tena mpaka samaki waive.

Na ESP32, ile bodi ndogo yenye chipu ya kuongozea vifaa? Hapa nitasema ukweli hata kama unaharibu kichwa cha video yangu. ESP32 inaamka haraka mno, haina memori kadi ya kuharibika umeme ukikatika, na inasoma senso za analogi, zile zinazotoa volti za kupanda na kushuka, moja kwa moja, kitu ambacho Raspberry Pi haikijui kabisa mpaka uiongezee chipu kama ADS1115. Bei yake nayo iko chini. Kwa tangi moja lenye hita moja na taa moja, ningekuwa naanza leo, ningeanza na hiyo. Raspberry Pi inapata sababu pale unapotaka grafu za mwezi mzima, kamera, na reef-pi yenyewe. Na kama hutaki kushika bisibisi kabisa, kidhibiti kilichoundwa tayari, Apex ya Neptune Systems, kipo, unatoa kwenye boksi unachomeka. Pochi yako ndiyo itakayolia, siyo wewe.

Nilianza video nikisema huyu ndiye mlinzi wa samaki wangu. Nipunguze kidogo. Mlinzi wa kweli wa hita ni thermostati, kile kifaa kinachoikata maji yakifika joto ulilopanga, iliyomo ndani ya hita yenyewe. Programu yangu inawasha ikifika 24.5 na kuzima ikifika 25, ili rilei isitetemeke kila dakika. Thermostati ya hita nimeiweka 26. Kwa sababu rilei nazo huganda, vile vichuma viwili vya ndani vinaungana na havibanduki tena, na hapo uandike programu ya aina gani hita haizimi. Ikitokea, maji yatasimama 26, na samaki wangu hawa wanaivumilia.

Umeme wa ukutani nautaja mara moja na naomba mnisikie: swichi inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, iwepo kabla ya kitu chochote. Na kila waya unaotoka tangini ushuke chini kupita soketi kisha upande, maji yadondoke sakafuni yasitembee mpaka kwenye plagi. Hujui kufunga umeme wa ukutani? Mwite fundi, wewe ubaki na senso.

pH mnaiulizia kila siku kwenye komenti. Nitaifanya, lakini senso yake inataka maji ya kuisawazishia, yenye pH ya 4 na 7, inataka uvumilivu, na mimi bado nina hasira za rilei. Jumamosi ijayo tunaanza na tangi kujijaza maji lenyewe, kwa floti. Floti ni kitu chepesi, kina sumaku ndani, kikishuka kinaita pampu ilete maji. Nimeshaifunga pale kulia, ila bado sijaiunganisha na pampu. Sababu ni ile. Sogeza kamera... hapo. Mnamwona yule konokono? Ameipandia tangu asubuhi, ameikandamiza chini, na kwa hesabu ya kompyuta tangi langu halina maji.