Tathmini ya PsychoPy: programu ya majaribio katika maabara ya uoni

Kazi yangu kama fundi wa maabara inayochunguza jinsi ubongo unavyoshughulikia yale ambayo macho yanaona ni kuhakikisha kwamba picha inatokea kwenye skrini pale inapotakiwa, kwa muda uliopangwa na kwa mwanga uliopangwa, kabla mshiriki wa kwanza hajaketi mbele yake. Kwa kazi hiyo ninaitegemea PsychoPy, programu iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Inapatikana bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua.

Anayeanza hutumia sehemu iitwayo Builder, ambamo hupanga milia, herufi au picha kwa kipanya, na programu yenyewe ikaandika msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ninachokithamini zaidi ni kwamba msimbo huo unaweza kufunguliwa na kusomwa: mwanafunzi anapoleta matokeo yasiyoeleweka, tunakaa pamoja tukapitia mstari kwa mstari kile ambacho kompyuta iliagizwa kufanya.

Suala la muda ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Skrini ya hezi 60, yaani inayojichora upya mara 60 kwa sekunde, hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, kwa hiyo anayetaka picha ionekane kwa milisekunde 20 anadai kisichowezekana. Atapata fremu moja, yaani mchoro mmoja wa skrini, au mbili ambazo ni takriban milisekunde 33. PsychoPy inakuruhusu kupanga muda kwa idadi ya fremu badala ya sekunde, na inaweza kurekodi urefu wa kila fremu ili ujue kama kuna iliyorukwa. Hata hivyo, programu haioni skrini. Anayehitaji uhakika lazima aweke kihisi cha mwanga juu ya skrini na apime mwenyewe.

Vipimo vya ukubwa vimerahisishwa vizuri. Ukishaingiza upana wa skrini, idadi ya pikseli na umbali wa mshiriki, unaweza kutaja ukubwa kwa digrii za pembe ya uoni, yaani pembe ambayo kitu kinachukua mbele ya jicho; kwa umbali wa sentimita 57, sentimita moja kwenye skrini ni karibu digrii moja.

Mwanga ni kazi ya subira. Thamani ya pikseli ikiongezwa maradufu, mwanga hauongezeki maradufu, hivyo ninazima taa, ninaziba upenyo wa mlango kwa kitambaa cheusi, ninaelekeza fotomita (kifaa cha kupimia mwanga) katikati ya skrini na kuandika kandela kwa mita ya mraba, kiwango baada ya kiwango, kisha programu inakokotoa marekebisho. Kwa anayetafuta kiwango cha chini kabisa cha utofauti kati ya mwanga na giza ambacho jicho linaweza kukitambua, ngazi 256 za kijivu za skrini ya kawaida hazitoshi. Atahitaji kifaa maalumu cha kuongeza ngazi hizo, na PsychoPy inaweza kuwasiliana na baadhi ya vifaa hivyo.

Majaribio yanaweza pia kuendeshwa kwenye intaneti kupitia tovuti ya Pavlovia, ambayo hulipiwa. Kwa utafiti wa uoni siishauri, isipokuwa pale ambapo mwanga na umbali wa mshiriki havina uzito.

Kwa maabara yenye bajeti finyu naipendekeza PsychoPy bila kusita. Kabla ya kukusanya data, nenda kwenye mipangilio ya jaribio uchague toleo litakalotumika hadi mshiriki wa mwisho, ili sasisho lisije likabadilisha jaribio katikati ya utafiti.