Kiliniki ya makuzi ya watoto, Bukavu: tulipeleka miguu, wakaona mkono

Mwanangu alizaliwa wiki 8 kabla ya siku zake, na alipotimiza miezi 13 alikuwa hajasimama dede hata mara moja. Mama mkwe, ambaye amelea watoto tisa na wajukuu nisiowamaliza kuwahesabu, alisema asubuhi na jioni kwamba mtoto wa umri ule huwa ameshaanza kushikashika kuta, na kwamba wa jirani, aliyezaliwa mwezi mmoja na wetu, tayari anafukuza kuku. Kwenye kituo cha afya tunakokwenda kupimisha kilo, ile siku ya CPS, yaani kiliniki ya watoto ambao hawajaanza shule, nilimuuliza muuguzi. Alitazama fishi, yaani kadi ya mtoto, akaona mstari wa uzito unapanda vizuri, akaniambia nirudi nyumbani bila wasiwasi. Simlaumu, kwa kuwa foleni ilikuwa na akina mama zaidi ya arobaini na mizani ilikuwa moja. Lakini mizani haimwambii mtu kama mtoto anasikia, anaelewa au anashika. Ndipo shemeji yangu akanielekeza kwenye kiliniki ndogo ya makuzi ya watoto upande wa Ibanda, kwenye mteremko unaoelekea ziwani, inayofungua siku mbili kwa wiki na kutoza dola 15 kwa safari ya kwanza.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba daktari hakumgusa mtoto kwa muda wa karibu nusu saa. Aliuliza. Alitaka kujua kama mtoto alilia mara tu alipozaliwa, kama macho yake yaligeuka manjano siku za mwanzo na kwa siku ngapi, kama amewahi kupata degedege, malaria kali au homa ya uti wa mgongo, kwa sababu kila mojawapo ya hayo huweza kuacha alama katika ubongo au katika masikio. Aliuliza hata chumvi tunayopikia, na kama kuna mtu mwenye rovu, ule uvimbe wa shingo, katika ukoo. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni kama hakimu, alishtuka, maana yeye ni mzaliwa wa Idjwi. Kisiwa hicho kilichunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa rovu na ya watoto waliodumaa mwili na akili kutokana na upungufu wa madini ya joto, na wazee wa huko hawahitaji kusomewa ripoti ili kukumbuka. Kwetu chumvi ni ile yenye madini ya joto, kwa hiyo swali likaishia hapo.

Baada ya hapo alichukua kalamu, akatoa wiki 8 katika umri wa mtoto, akatuonyesha kwamba mtoto aliye mbele yetu apimwe kama wa miezi 11, wala si 13, na kwamba hesabu hiyo ya mtoto njiti huendelea kutumika mpaka atimize miaka miwili. Hakuna aliyekuwa ametueleza hivyo, hata siku tuliyotoka hospitalini. Akaongeza takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wenye afya katika Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani: kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Mama mkwe alinyamaza. Mtoto wa jirani na wetu wote wawili wanaingia ndani ya dirisha hilo, na kwa habari ya miguu tungeweza kulipa na kwenda zetu.

Hata hivyo daktari alimwita kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakamketisha mtoto kwenye mkeka na kumwekea vikombe vya plastiki, kifuniko cha sufuria na kitambaa. Walikaa kimya wakimwangalia akicheza. Mtoto alichukua kila kitu kwa mkono wa kushoto, hata kile kilichowekwa kuumeni kwake. Alijipinda mwili mzima ili mkono wa kushoto ufike, huku wa kulia ukibaki umekunja ngumi ubavuni. Sisi tulikuwa tumeliona jambo hilo kwa miezi kadhaa, tena tukalifurahia, tukisema ana shoto kama babu yake. Daktari alieleza kwa utaratibu kwamba mtoto wa kawaida hutumia mikono yote miwili karibu sawa katika mwaka wake wa kwanza, na kwamba anayechagua mkono mmoja mapema namna hiyo huenda anaukwepa mwingine kwa sababu una udhaifu au ukakamavu. Aliukunjua mkono wa kulia taratibu, akaulinganisha na wa kushoto, akapima pia kifundo cha mguu wa upande huohuo, akatuandikia mazoezi ya kila siku na rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nimewahi kulipa zaidi ya dola 15 kwa huduma iliyoniambia machache zaidi.

Kasoro zipo, na nitazitaja bila kuzipamba. Ukutani kuna bango kubwa la hatua za makuzi, la Kifaransa pekee, linaloweka kutambaa katika mwezi wa 9 kana kwamba ni sharti. Katika uchunguzi uleule wa 2006, takriban watoto 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Wengine husota kwa makalio, kisha siku moja wakasimama. Mama anayelisoma bango hilo akiwa amengoja saa tatu, kama nilivyongoja mimi, ataingia ndani akiwa tayari ameshahukumu mtoto wake. Kasoro iliyo nzito zaidi ni kipimo cha masikio: msaidizi alisimama nyuma ya mtoto akagonga kijiko kwenye kikombe, mtoto akageuka, naye akaandika kwamba anasikia. Mtoto anaweza kuugundua mgongano wa bati, au hata kivuli cha mtu aliye nyuma yake, na bado akakosa sauti nyembamba za maneno. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba hawana mashine. Jibu hilo ni la kweli, ila lilipaswa kuandikwa kwenye karatasi badala ya neno «kawaida».

Kwa upande wa lugha wanafanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Siku ya pili tuliyokwenda, mama mmoja alikuwa na binti wa miaka miwili ambaye ndugu walidai amechanganywa na Mashi ya nyanya, Kiswahili cha mtaani na Kifaransa cha baba. Walimhesabia maneno ya lugha zote tatu kwa pamoja, wakamwambia mama wazi kwamba lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto, na kwamba kinachowatia wasiwasi ni kuwa binti hajaunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, tena aliwahi kusema machache ambayo sasa ameyaacha. Mtoto anayepoteza alichokuwa nacho, walisema, haambiwi angoje, awe wa umri wowote.

Ningewapa nyota nne kati ya tano. Ya tano inabaki kwenye kile kijiko na kikombe. Anayekwenda afike kabla ya saa mbili asubuhi, achukue fishi ya CPS na karatasi za uzazi, na ahakikishe mtoto amelala na kushiba, kwa sababu mwenye usingizi hachezi, na asipocheza hawaoni kitu. Safari ya pili hutozwa dola 5. Mazoezi tunayofanya nyumbani ni kumpa mpira mkubwa ambao hauwezi kushikwa kwa mkono mmoja, na mama mkwe ndiye anayeurusha, akiwa amekaa upande wa kulia kama alivyoagizwa.