Kulazwa au kuja kuchomwa kila siku?

Mgonjwa wa Moshi anayehitaji antibayotiki ya mshipa huweza kulala wodini, au akaja kliniki kila siku, akapewa dozi na kurudi kwake. Kwa sisi wauguzi hizo ni kazi mbili tofauti.

Mara nyingi dawa ndiyo inayoamua. Penisilini ya mshipa hutolewa kila baada ya saa 4 hadi 6, usiku na mchana; nani atamwambia mama wa Kibosho apande daladala saa nane usiku? Seftriaksoni kwa maambukizi mengi ni mara 1 kwa siku, kwa hiyo inafaa kliniki.

Kinachoniumiza kichwa ni kanula, yaani kile kimrija cha plastiki kinachobaki mshipani cha kupitishia dawa. Wodini ukiona mkono umevimba unaitoa papo hapo. Kliniki mgonjwa anaondoka nayo, anafua, anakamua ng'ombe, kesho anakuja plasta imelowa chapachapa. Basi kabla ya dawa nakagua ngozi, nabonyeza taratibu juu ya mshipa, nauliza kama panauma, kisha nasukuma mililita chache za maji ya chumvi. Yakigoma, au ngozi ikituna, kanula inatoka, hata kama mshipa wenyewe ulipatikana kwa mbinde.

Gharama? Ukija kliniki, kitanda hulipii, ila nauli ya kila siku kutoka Rombo inaweza kumaliza nafuu yote.

Anayetapika, mwenye homa inayopanda au asiye na mtu nyumbani, namrudisha kwa daktari alazwe. Mwenye uvimbe wa mguu unaotulia, anayekaa Pasua au Majengo, aje asubuhi, tena akiwa ameshakunywa chai.