Sivi jointi "orijino" iliyopasukia Ndutu

Nyota moja, na hiyo ni ya boksi, maana boksi lilikuwa zuri kweli.

Nilinunua pea ya sivi jointi za mbele (vile viungo vya shafti vinavyozungusha gurudumu hata ukikata kona) Arusha, kabla ya msimu wa nyumbu kuzaa, kwa ajili ya Land Cruiser yangu ya ekseli nzima, yaani chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu. Muuzaji aliapa ni orijino. Za zamani zilishaanza kugonga nikikata kona, tak-tak-tak, dereva yeyote wa porini anaujua mlio huo. Fundi akafungua lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu, akachafuka grisi mpaka viwikoni, akaweka na oilsili mpya ili oili ya difu (zile gia za katikati ya ekseli) isipenye ikayeyusha grisi. Kazi safi.

Msimu haukuisha. Upande wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, tope jeusi, gea nzito, usukani nimeukata kidogo tu, nikasikia "paa!" na gurudumu la kulia likaacha kuvuta. Wageni walidhani pancha. Dereva mwenzangu akanivuta, nikafungua friwili zote mbili, zile loki zinazounganisha magurudumu ya mbele na shafti, nikarudi kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Tulipoifungua, kikombe cha jointi kilikuwa kimegawanyika vipande viwili na gololi zimelala kwenye grisi. Chuma chenyewe kwa ndani kina chembechembe kama andazi la juzi.

Nikapeleka vipande dukani. Jamaa hakuinua hata macho kwenye simu. "Dereva, spea haivunjiki yenyewe. Kwani ulikuwa unalima?" Wateja wakacheka. Nikaanza kumweleza tena, akanyoosha kidole ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Haya, tajiri.

Kwa hasira nilirudi nyumbani nikisema mfumo wenyewe wa sivi ndio mbovu, heri misalaba, vile viungo vya umbo la msalaba, kama ya Jeep. Msalaba ukilegea unaushika kwa mkono ukausikia, na porini unaubadilisha kwa nyundo bila kuoga grisi. Nililisema hilo kijiweni kwa sauti kubwa sana.

Lakini si kweli, au si kweli yote. Msalaba ukikata usukani sana huzungusha gurudumu kwa kusitasita, mara haraka mara polepole ndani ya mzunguko uleule, na mzigo ukizidi masikio ya shafti yanafunguka. Sivi ina gololi sita zinazogawana mzigo na mwendo unabaki laini. Kinachoiua ni usukani kukatwa mpaka mwisho, gurudumu limebanwa na jiwe, difloki imefungwa (magurudumu mawili yanalazimika kuzunguka pamoja), halafu mtu anakanyaga mafuta. Wenzangu kadhaa zao zimekufa hivyo, tena wakiwa kwenye rivasi. Mimi nilikuwa kwenye tope laini! Jiwe hata la kuanikia kandambili hakuna.

Na nyie mnaoinua Prado ili zionekane za kazi: kwenye ekseli nzima ukiinua gari, jointi haijui, maana yenyewe inapinda kwa usukani tu. Prado difu imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo ukiinua tu shafti inakaa imekunjwa muda wote, raba inayofunika jointi inachanika, vumbi linaingia, kwisha habari. Patrol za zamani, zile za koili springi, sijawahi kuona ikipasuka mbele. Ila na mimi sijawahi kuifunga Patrol spea ya duka lile.

Basi nyota moja ibaki kwa duka, na ningekuwa na uwezo ningeipunguza. Ekseli yenyewe naipa nne. Tatu, nikikumbuka bili ya fundi.

Ya kushoto, ya boksi lilelile, nimeing'oa kabla haijanilaza njiani. Nimefunga pea ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani. Inagonga kidogo nikikata kona hadi mwisho. Wacha igonge.